Kofia Yako Haikuanguka

Babake Mishi,

Una nini wewe? Mbona huji? Masika yamekuja yakapita, kunde nimepanda nimechuma, mahindi yamesimama, na hata siku moja hujanijia ndotoni. Nalala na udhu. Nalala ubavu wa kuume, mto wako nimeuacha pale pale upande wa ukuta, nangoja. Kimya. Halafu juzi nasikia nini? Nasikia umemtokea Mwanahalima, jirani! Alikuja hapa asubuhi amejifunga leso mpya, sauti imelainika kama halua, ati, "Mama Mishi, nimemuota marehemu. Alivaa kanzu nyeupe. Aliniomba maji." Mwanahalima! Maji ya nani wewe? Mtungi wako umekosa nini humu ndani? Miaka yote ulikunywa maji ya kisima chetu ukiyasifu, leo umekufa ndio wayatamani ya jirani.

Sadaka nimeitoa. Nimepika mkate wa sinia, nimewapelekea watoto wa chuo cha Kurani wakakuombea dua. Lakini nimekasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyonikalisha mkekani niandike. Herufi ni zile za chuoni, alifu na bee, kwa mkono huu wa kupalilia. Skuli mimi sikuijua hata mlango wake ulivyo, na wewe wajua, basi ukiona nimekosea usinicheke. Na uzuri wa barua ni huu: leo nitasema mpaka mwisho, huwezi kunikata maneno.

Rukia ameolewa.

Naam, mjukuu wetu Rukia, mke wako mdogo, mke mwenzangu. Ameolewa na Swaleh, yule kijana wa Kisauni ambaye posa yake ilikuja ungali hai. Na nataka nikupe habari ya mlango, maana najua mengine yote ya harusi hayakuhusu, wewe lako lilikuwa mlango.

Wakumbuka ulivyokuwa ukisema. Mtoto angali atambaa, wewe umemweka gotini: "Huyu ni mke wangu. Atakayemtaka aje na fimbo yake, anikute mlangoni, aniangushe kofia, ndipo amchukue." Watu wakicheka, kwa kuwa babu na mjukuu ndio utani wao huo, kila nyumba ya Likoni ina babu aliyeoa wajukuu wote. Lakini mimi nilikuwa nakutazama usoni na wewe hukuwa ukicheka. Mtu ambaye kofia yake haijapata kuanguka kwenye uwanja wa kirumbizi hachezi na neno kama hilo. Ngoma ikipigwa, zumari ikilia, wanaume wawili wakiingia na fimbo, anayeangushwa kofia ndiye aliyeshindwa, na wewe tangu ujana wako hadi mvi ulitoka na kofia yako kichwani. Wenzako wakija na bakora zao za mtobwe zilizopakwa mafuta, nyembamba, zang'ara, wewe ukija na mpini wa jembe. Wakikuita mkulima, ukisema, "Ndiyo, na leo nalima hapa."

Halafu ukaugua. Umelala pale kwenye kitanda cha kamba, pumzi zimekuwa fupi, ukanishika kidole hiki cha shahada ukasema, "Mlango, Mwanamisi. Mlango usikae mtupu." Hukuniambia habari ya shamba, hukuniambia habari ya watoto. Mlango! Nikakujibu inshallah. Ukafumba macho kama mtu aliyekwisha kufunga duka lake.

Basi nikatoka eda, nikatazama huku na huku, nikaona umeniachia mlango na hukuniachia mtu wa kuusimamia. Wanafunzi wako, yale madume yaliyokula wali wangu, wametawanyika. Mmoja abeba magunia bandarini, jioni hata mkono hauinuki. Wa pili kahamia Bombolulu, ameoa huko, akiniona sokoni aamkia mbio mbio, shikamoo na kutokomea. Wengine wasema kirumbizi ni ushamba.

Na Juma je? Mjukuu wako wa damu, kakake Rukia, dume zima lenye ndevu, afanya kazi Changamwe kwenye gereji. Jioni akitoka kazini aenda Chaani, kuna banda wajifunza karate. Amejaa sinema za Kichina hadi kooni. Avaa nguo nyeupe kama aendaye kuswali Ijumaa, lakini kiunoni ana mkanda, na apiga ukelele, haaa! mpaka kuku wangu wameacha kutaga. Ana vijiti viwili vimeungwa kwa mnyororo. Avizungusha begani, kwapani, mgongoni, vuu, vuu, macho yamemtoka. Nikamuuliza, "Juma mwanangu, na mpini wa babu yako?" Akasema, "Bibi, ile ya babu ilikuwa ngoma tu. Hii ndiyo kazi yenyewe. Mlango niachie mimi."

Nikamwachia. Ningefanyaje? Ni mwanamume, na ni kakake bibi harusi, haki ni yake.

Ila moyo wangu haukutulia, kwa sababu wajua babu yake Swaleh ni nani? Ni Athumani wa Kisauni. Ndiye yule yule. Yule uliyemwangusha kofia kwenye Maulidi tungali vijana, ikaruka ikaangukia kwenye sinia la wali, watu wakala wakicheka. Posa ilipokubaliwa alituma salamu zake kwa adabu zote, sikuweza hata kumtukana: "Twaja kwa heri na kwa udugu. Lakini mwambieni Mama Mishi, bakora ya Athumani ingali nzima. Je, mlangoni kwake mna nani?"

Unaona mambo hayo? Wakipita bure, itasemwa kutoka Kisauni hadi Mtongwe kwamba ile mipini ya Likoni ilifukiwa pamoja na mwenyewe. Na mimi nilikuwa nimekuahidi.

Sasa nikukumbushe jambo, maana sisi wawili tu ndio tunaolijua. Uwanjani ulikuwa na wanafunzi, lakini shambani ulikuwa na mimi. Umande ukishakauka, umeshalima matuta yako, nami nimeshapalilia mistari yangu, ulikuwa ukisema, "Vua jembe." Hukutaka mchezo juu ya chuma. Mpini ugongwe kwenye jiwe, chuma litoke, liwekwe mbali chini ya mkorosho, ndipo tusimame. Panga hukugusa kabisa, tukitumia shina la kuti lililochongwa. Mundu ukautengeneza wa mti, umepinda vilevile, usiokata. "Nataka kucheza, sitaki kuzika mtu," ukisema. Na kila pigo ukilitoa kwenye kazi. Hili la kulima, lashuka kutoka juu. Hili la kufyeka, lapita kiunoni. Hili la kuchimba mhogo, lanyanyua.

Wakumbuka siku Mwanahalima alipotusikia mipini ikilia, akatoka mbio kichwa wazi akipiga mayowe, "Jamani, Babake Mishi ampiga mkewe!" Wakaja watu na mapanga kuniokoa, wakakukuta wewe ndiwe mwenye nundu kwenye paji la uso, kubwa kama limau, na mimi nakupoza kwa maji. Ukawaambia umeanguka kwenye mnazi. Mtu mzima! Hata kukwea hukujua.

Nundu ile ilikuwa ya palizi. Wewe ulikuwa umeshusha pigo lako la kulima, tao kubwa kama la kupasua ardhi, na mimi sikuwa na nguvu za kulipokea. Nikainama nikafanya ninavyofanya siku zote kwenye majani. Nikaukamata mpini wako chini, nikauvuta kwangu, ukaja na wewe nyuma yake, nikanyanyua. Ukakaa chini kwenye mahindi, umeshika paji la uso. Ukasema, "Nifundishe tena." Tukarudia mpaka jua likatuchoma. Na lile ndilo pigo uliloingia nalo kwenye Maulidi, likamvua Athumani kofia, likakupa jina. Sikukudai kulitangaza. Ulikuwa ukiniita "fundi" tukiwa jikoni, na mimi hilo lilinishibisha.

Haya, harusi. Nikaha ilisomwa msikitini baada ya alasiri, nao wakaja kumtazama bibi harusi. Wamejaa lori zima kutoka Kisauni, wamevuka kwa feri na zumari yao, kanzu zimepigwa pasi, mbele Athumani. Amezeeka, Babake Mishi, lakini mgongo wake umenyooka kama alivyokuwa, na kofia ya viua imekaa sawasawa. Swaleh nyuma yake, mtoto wa watu, atazama chini kwa haya. Rukia yuko ndani nyuma ya mlango, hina hadi kwenye viwiko, amefunikwa leso, haruhusiwi kusema neno.

Juma akasimama kizingitini na vijiti vyake, kofia kichwani. Nikamwombea dua, wallahi. Akazungusha vuu vuu, wageni wakarudi nyuma, watoto wakashangilia, nami nikaanza kusema moyoni labda. Athumani hakupepesa jicho. Alingoja vijiti vipite begani, akaingiza bakora yake katikati ya mnyororo, basi tu, kama mtu atiaye uzi kwenye sindano. Kijiti kikazunguka bakora, kikarudi, kikampiga Juma mwenyewe kwenye kiwiko, pale penye uchungu wake. "Yalaa!" akasema. Athumani akanyoosha mkono wake wa kushoto, akamtoa kofia kwa vidole viwili, akaipuliza vumbi, akamrudishia mkononi. "Pole, mjukuu," akasema. "Hizo za sinema huwa wamekubaliana mapema."

Watu walicheka mpaka wakashikana. Wanawake wa Kisauni wakaanza kuimba, "Mlango u wazi! Mlango u wazi, tupisheni!" Juma akajitenga kando, ameshika kiwiko, machozi yamemlenga, na sikuona raha kumwona hivyo hata kidogo.

Na mimi mkono wangu ulikuwa umeshakwenda.

Wajua mpini wako ulikuwa wapi? Wanaokujua wangedhani nimeutundika ukutani, nimeupaka mafuta. Ulikuwa uani, umeegemea kisima, na jembe lake kichwani na udongo wa asubuhi ungali mbichi. Mwaka wote nimelima nao. Ningeuweka ukutani unifanyie nini? Nikauleta barazani. Nikaugonga kwenye jiwe la kizingiti, ko! ko! chuma likatoka likalala. Na mpiga ngoma, yule wetu mzee wa zamani, akaacha kupiga. Aliijua ile sauti. Wazee wote wa Likoni waliijua. Walikuwa wameisikia kila ulipokuwa ukijitayarisha kuingia uwanjani.

Athumani akanitazama. "Mama Mishi, mimi sichezi na mwanamke."

Nikamwambia, "Mimi si mwanamke, mimi ni mlango. Pita."

Akacheka kidogo. Akasema, "Na hata nikicheza, nitakuangusha nini? Huna kofia."

Maneno ya kweli hayo, sheria ni sheria. Nikaingia ndani. Kofia yako iko kwenye msumari ule ule, juu ya saa iliyokufa. Nikaishika... Babake Mishi, harufu yako bado imo. Nje wanaimba, na mimi nimesimama na kofia usoni kama mjinga. Halafu nikajifunga leso kichwani mara mbili, maana kichwa chako kilikuwa kama boga, nikaivaa juu yake, nikaikaza hadi kwenye nyusi, nikatoka.

Waliponiona, wakarudi nyuma kutupisha uwanja. Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa Mwanahalima. Lazima nimpe haki yake, ndiyo maana sijamkataza kukuota. Baada ya chake sikusikia tena chochote isipokuwa ngoma.

Athumani ni fundi. Nilikuwa nimekusikia ukisema na mimi nadhani wamsifu ili ushindi wako uwe mkubwa. La, ni fundi kweli. Bakora yake haina uzito, iko hapa, iko pale, yauma kama siafu. Miguu yake yacheza. Yangu haichezi, magoti wayajua. Kwa hivyo kisigino nikakibandika kwenye kizingiti, nikasema hapa ndipo mwisho wa tuta langu, sirudi nyuma. Vidole vyangu vikaingia pale palipolika mtini kwa vidole vyako. Nikapokea. La juu nikapokea, la ubavuni nikapokea, la juu tena. Akanigusa. Naam, alinigusa! Ncha ya bakora iliikwaza kofia yako, ikainama upande, watu wakasema "Haaa!" na mimi nikaisikia yateleza juu ya leso, yateleza, ikafika sikioni... ikasimama. Ule mzunguko wa pili wa leso ndio ulioizuia.

Na yeye akaharakisha. Alidhani imebaki kidogo tu. Akaleta pigo la kumaliza, kutoka juu, tao kubwa. Lako lile la kulima, kama siku ya nundu.

Nikainama.

Nikaikamata bakora yake chini kabisa, karibu na vidole vya miguu yangu, nikaivuta kwangu. Na fundi wa bakora, wajua, hawezi kuiachia, aibu ya kuangusha bakora ni kubwa kuliko ya kofia. Akaja nayo. Kichwa kikashuka. Kile kichwa kinene cha mpini, panapokaa chuma, kikapita chini ya kofia yake kikainyanyua, nami nikaitupa nyuma ya bega kama nitupavyo majani. Haikugusa hata ngozi yake. Ikaingia ndani ya nyumba. Kofia ya Athumani ilipita mlango, mwenyewe akabaki nje!

Rukia alipiga kelele kule ndani. Bibi harusi! Na hina yake na haya yake yote, akapiga kelele, "Bibiii!" na shangazi zake wakamziba mdomo.

Athumani akasimama kichwa wazi, jua lawaka kwenye upara. Nilidhani atakasirika. Akasema polepole, "Hili. Hili ndilo lililonivua kofia kwenye Maulidi. Miaka yote nimeuliza, Pemba nimeuliza, Lamu nimeuliza, ni mwanamume gani aliyemfundisha mumeo Bakari pigo lile."

Nikamwambia, "Ungempata wapi? Umeona wapi mwanamume apalilia?"

Basi wanawake! Wa kwetu na wa Kisauni pamoja, maana wote hao migongo yao imepinda kwenye palizi. Waliimba jina langu, wakaimba na lako, wakayachanganya, sikujua tena wamsifu nani. Athumani akainama mbele yangu mbele ya watu wote akasema, "Mama, kwa ridhaa yako." Nikaingia ndani nikaiokota kofia yake, nikaikung'uta, nikamvalisha kwa mikono yangu. Ndipo nikausogeza mpini kando nikamwambia Swaleh, "Haya, mume wangu, pita. Lakini ukimliza mke mwenzangu, nitavua jembe tena." Akapita mbio.

Mlango haukukaa mtupu, Babake Mishi. Na kofia yako haikuanguka.

Bado sijamaliza. Keshoye asubuhi nimetoka kwenda shamba, nani amekaa chini ya mkorosho? Juma, kiwiko kimevimba, ameshika mpini aliouchonga mwenyewe kwa mkwaju, vibaya vibaya. "Shikamoo bibi. Nimekuja kupalilia." Nikampa mistari miwili kwanza, majani matupu, hakuna mchezo. Mgongo ulimuuma akajua kazi. Sasa Jumapili waja kundi zima. Yule mwalimu wake wa Chaani naye alikuja, mtu mkubwa, mwenye heshima, akavua viatu kabla ya kukanyaga mkeka. Alikuja na vitu vyake: mundu wa mti, wallahi kama ule wako, na vile vijiti vya mnyororo. Akasema aliyemfundisha alimweleza kwamba huko visiwani kwao ng'ambo, ilikotoka karate, nao walikuwa wakulima, na vijiti vile walikuwa wakipuria nafaka. Nikamgeukia Juma nikamwambia, "Ewe, umepanda basi hadi Chaani kutafuta shamba!" Tulicheka na yule mwalimu mpaka chai ikapoa.

Wasichana nao waja. Wazee wengine wanung'unika, nikawaambia waje wanung'unike hapa shambani wakiwa na mipini. Hakuna aliyekuja. Na Rukia avuka kutoka Kisauni kila apatapo nafasi, mumewe amruhusu, na akimkatalia wajua atakutana na nani. Mkono wake ni mzuri. Ainama chini kuliko mimi.

Wakati mwingine narudi jioni, nimechoka, naweka mipini miwili pale ukutani kwa mazoea, wako na wangu, na nageuka kukuuliza kama umeliona pigo la yule msichana. Geuka, hakuna mtu. Huo ndio wakati ambao ungeweza kuja. Hata kwa ndoto ya kujinyoosha kidogo kabla ya magharibi, ningeridhika.

Basi lala salama, mume wangu, Mola akupanulie ulipo. Nakuahidi maadamu mkono huu wainuka mpini wako hautakauka udongo, na siku usipoinuka nitamkabidhi Rukia mbele ya watu, na atajua ulikuwa wa nani na pigo lilikuwa la nani.

Na sasa sikiliza vizuri. Ukija, usipite kwa Mwanahalima. Njoo moja kwa moja, mlango wa mbele, mimi nitakuwa nimekaa kizingitini. Njoo na kofia nyingine, hii sikurudishii. Na uikaze.

Mkeo,
Mwanamisi